Mkono wa kahawa

Ndugu zangu wa Ngamiani, hapa Tanga, wakisikia naunda roboti, wanangoja chuma na taa. Mimi nawatolea puto.

Juzi barazani nilimwomba muuza kahawa unga mkavu kidogo. Nikaujaza kwenye puto, nikafunga mdomo wake kwenye mrija niliouzibia kipande cha khanga ili unga usifyonzwe, kisha nikauchomeka kwenye bomba kubwa la sindano. Nikalibonyeza puto juu ya yai, likalikumbatia. Nikavuta bomba. Puto likakakamaa, yai likanyanyuka nalo.

“Mwanangu,” akasema mzee mmoja, “miaka yote ile chuoni ndiyo hii?”

Ndiyo hii, mzee. Ukinyonya hewa ya ndani, hewa ya nje, ambayo huku pwani inakandamiza karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba, inazibana chembe mpaka zinagoma kupishana. Ukiirudisha, zinateleza tena. Watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Chicago, Marekani, na kampuni ya roboti ya iRobot walionyesha mkono wa namna hii mwaka 2010, nao walitumia kahawa ya kusagwa. Utamu wake ni kwamba mkono hauhitaji kujua umeshika nini. Vidole vya chuma vingetaka kamera na hesabu ndefu kwanza. Huu unajigeuza umbo papo hapo, yai au bisibisi.

Nilisomea uhandisi mitambo, lakini siku zangu nyingi zinaishia kumimina silikoni, mpira laini wa kuundia vidole vya roboti, kwenye kalibu, kutoa viputo na kusubiri iive. Vidole vya kwanza nilivyounda vilibaki vinanata siku nzima. Nikalaumu joto la Tanga, nikalaumu unyevu, nikamlaumu hata aliyeniuzia. Kumbe ni glovu zangu za mpira: zina salfa, na salfa inaizima platini inayoivisha silikoni ile. Nikahamia glovu za nitrili, mambo yakanyooka. Joto kosa lake ni jingine, linaigandisha upesi kabla sijamaliza kumimina, ndiyo maana hukoroga alfajiri.

Mzee hakuridhika. Akatoa sarafu ya shilingi 200, akailaza mezani. “Haya, inyanyue.”

Nikajaribu mara tatu. Kitu bapa hakina ubavu wa kukumbatiwa. Akaiokota kwa kucha, akaagiza kahawa nyingine.