Je, wajua kwa nini kompyuta inakuuliza nywila wewe, lakini mwizi haimuulizi?

Dada mmoja mwenye steshenari Mwanjelwa, jijini Mbeya, aliwahi kunibana kwa swali ambalo siku ile sikulijibu vizuri. Alikuwa ameibiwa: barua pepe ya duka haifunguki tena, na ukurasa wake wa Facebook unatangaza simu ambazo hana. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Akafungua orodha ya nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome, ile programu ya kufungulia tovuti, akabonyeza alama ya jicho ili azione. Kompyuta ikamtaka aweke PIN kwanza.

"Unaona kaka? Mimi mwenye mali naulizwa. Huyo aliyeniibia mbona hakuulizwa?"

Ile PIN si kufuli, ni pazia. Imewekwa kwa ajili ya mtu atakayekaa kwenye kiti chako ukienda kunywa chai, asichungulie. Kufuli lenyewe liko ndani zaidi, linaitwa DPAPI, na limekuwemo tangu Windows 2000. Credential Manager, yaani ghala la nywila linalokuja na Windows yenyewe, linalitegemea. Chrome nayo kwa miaka mingi imeliegemea.

Linafanya kazi hivi. Windows inachukua nywila unayoingilia asubuhi, inaipika mpaka inakuwa ufunguo. Ufunguo huo unafungua mwingine, na huo wa pili ndio unaofunga na kufungua siri zako. Ukishaingia, ufunguo unakaa tayari kutwa nzima. Programu yoyote inayoendeshwa kwa jina lako ikisema "nifungulie hii", Windows inaangalia jina tu. Ni lako? Basi, inafungua. Haihoji ni programu gani wala imetoka wapi.

Ni kama mlinzi wa usiku kule Uyole mwezi wa saba, baridi inauma na kila mtu kajifunika mpaka puani. Anachotambua ni koti la bosi. Anayekuja amelivaa anafunguliwa geti.

Koti la dada yetu lilivaliwaje? Kuna kijana alimletea kwenye flashi programu ya kutengeneza kadi za michango ya harusi, iliyovunjwa ili itumike bila kulipiwa. Kadi zilitoka nzuri tu. Mimi namshuku huyo mgeni wa bure kuliko kitu kingine chochote, maana virusi vya kuiba nywila hupenda sana kusafiri ndani ya programu za namna hiyo. Na si jambo dogo: mwaka 2025 Microsoft ilieleza kwamba kirusi kimoja tu cha aina hiyo, Lumma, kilikutwa kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 ndani ya miezi miwili, Machi hadi Mei.

Tusilitukane kufuli, lakini. Kompyuta mpakato ikiibwa ndani ya basi la Iringa, mwizi akachomoa diski na kuichomeka kwingine, nywila zilizofungwa kwa DPAPI hazisomeki bila nywila ya kuingilia. Hata fundi akiing'oa nywila hiyo kwa nguvu, Windows itafunguka ila siri za zamani zitagoma. Watu humlaumu fundi, kumbe ni kufuli linafanya kazi yake. Shida ni kwa wale wasioweka nywila kabisa, au wanaoweka 1234. Ufunguo uliopikwa bila unga utakuwa ufunguo gani?

Wengine wamejaribu kumfundisha mlinzi kutazama sura. Kompyuta za Apple huandika ni programu ipi iliyoruhusiwa kusoma siri ipi. Nyingine ikija, zinakuuliza. Chrome ya Windows ilianza mwaka 2024 kukagua programu inayoomba ni nani hasa. Wezi walipata vichochoro ndani ya miezi michache, lakini sasa wanatoka jasho.

Kwa hiyo nilimrudia dada na majibu. Kwanza, kusafisha. Nywila mpya usiziandike kwenye kompyuta ile ile yenye kirusi, utakuwa unamwandikia mwizi barua. Tumia simu, kisha utoke kwenye vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kwa sababu wezi hawa hubeba pia vidakuzi, zile alama zinazoifanya tovuti ikukumbuke bila kukuuliza tena. Washa na uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake isitoshe kuingia. Nywila nzito, za benki na barua pepe, zihamie kwenye programu ya kutunzia nywila yenye neno lake kuu, inayojifunga yenyewe ukiiacha. Kirusi kikiwa ndani wakati umeifungua bado kinaweza kudokoa, ila angalau haikai wazi kutwa.

Kilichosaidia zaidi pale dukani ni kutenganisha makoti. Flashi za wateja na kazi zao zote sasa zinafunguliwa kwenye akaunti nyingine ya Windows, isiyo na madaraka ya msimamizi. Ya mwenye duka ina nywila yake. Mteja akitaka intaneti anapewa dirisha la mgeni la Chrome, likifungwa halibaki na kitu. Juu ya kioo kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu, maandishi ya kalamu nene: "UKIULIZWA KAMA IHIFADHI NYWILA, JIBU HAPANA. KADI ZA HARUSI 1,000/="