Ndege Ndogo ya Zamani Ikisumbua Umeme, Anza na Ethi

Ndege ndogo ya miaka ya 1950 au 1960 ikianza kusumbua umeme, wamiliki wengi hukimbilia betri mpya. Tatizo lisipoisha wanabadilisha alteneta (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme), kisha kidhibiti volti. Fedha zinateketea na hitilafu iko palepale. Sisi tunaozikagua ndege hizi tunawasihi: kabla ya kung'oa kifaa chochote, pima maungio, na uanze na upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Katika ndege nyingi za alumini, bodi yenyewe ndiyo njia ya kurudisha umeme kwenye betri. Kichwa cha waya kilichofungwa kwa bolti miaka 60 iliyopita mara nyingi huwa kimeshaota utando wa kutu chini yake, nawe ukiangalia kwa juu unaona bolti imekaza vizuri tu. Dalili mojawapo ni hii: unawasha taa ya kutua, mshale wa geji ya mafuta unasogea ilhali tangi halijaguswa. Usiilaumu geji. Inatumia ethi moja na taa, na ethi hiyo imechoka.

Kupima bila mzigo, yaani bila kifaa chochote kinachotumia umeme, kunadanganya sana. Waya wa nyuzi 19 uliobakiwa na uzi mmoja bado utaonyesha volti 12, kwa kuwa mita yenyewe hainywi umeme wa maana. Kwa hiyo washa taa kwanza. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye ethi ya taa, usome. Mwongozo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, uitwao AC 43.13-1B, kwa mfumo wa volti 14 (wenye betri ya volti 12) unaruhusu kupotea volti 0.5 tu kwa kifaa kinachowaka mfululizo, na hiyo ni kwa njia yote. Ethi peke yake ikila kiasi hicho, umeshampata mwizi. Sogeza ncha ya upande wa taa ungio kwa ungio kuelekea betri. Pale namba inaposhuka ghafla ndipo pa kufungua, kusugua mpaka alumini ing'ae, na kukaza upya.

Kama ndege yako ina jenereta badala ya alteneta, usishtuke ampimita (kipima mkondo wa umeme) ikionyesha betri inaisha wakati injini iko sailensa, yaani inazunguka polepole bila kuongezwa mafuta. Jenereta hizo hazichaji vizuri kwenye mizunguko midogo. Ongeza mizunguko kidogo ndipo uamue.

Fyuzi ikikatika, usiweke kubwa kuliko iliyoandikwa. Waya nyingi za enzi hizo zimevikwa PVC, na PVC ikiungua hutoa moshi wenye sumu ndani ya chumba cha rubani.

Lililo zito kuliko yote ni magneto, vifaa vya kuwashia mafuta ndani ya injini. Hizi huzalisha cheche bila betri, ndiyo maana umeme ukikatika angani injini haizimiki. Lakini ili magneto izimwe, waya wake sharti uguse ethi kupitia swichi. Waya huo ukikatika, magneto inabaki hai hata ufunguo ukiwa mfukoni, na kuisukuma propela kwa mkono kunaweza kuiwasha injini na kuua mtu. Kabla ya kuzima, injini ikiwa sailensa, peleka swichi kwenye OFF kwa sekunde moja kisha uirudishe. Injini isipotetereka, izime kwa kukata mafuta, weka alama ya hatari kwenye propela, umwite fundi mwenye leseni.