Marisau nayo yanataka shabaha

Idi iliyopita niliisikia sentensi moja mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa barazani kwetu Wete, Pemba. Mpwa wangu anayeishi Uingereza alikuwa akieleza kwamba ameanza kushiriki mashindano ya shotigani, ile bunduki ya kurusha marisau, yaani vichembe vingi vya risasi kwa mlio mmoja, mashindano yale yanayoitwa ya vitendo, na kabla hajafika kati mzee mmoja akamkata: "Si bunduki ya marisau hiyo, mjukuu wangu? Haitaki shabaha. Wewe fyatua tu, yenyewe itajua pa kwenda." Baraza zima likacheka, na kijana kwa adabu akacheka nalo. Mara ya pili niliisikia kwa dereva wa gari ya Chake. Mara ya tatu, na hii ndiyo iliyoniuma, ni kwa mwalimu wa Kiswahili.

Shabaha ni kile unachokusudia kukipiga. Pia ni ustadi wa kukipiga, ndiyo tukasema fulani ana shabaha. Na ni kusudio lolote la mtu, hata asiyewahi kushika manati. Maana zote tatu zimo kamusini na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na maana ya nne iliyopenya kwa mlango wa uani: kwamba shabaha ni kule kusimama kimya, kufumba jicho moja na kuzuia pumzi. Mwenye kuamini hivyo lazima atasema marisau hayataki shabaha, maana hajamwona mpiga marisau aliyefumba jicho.

Neno lenyewe linamkatalia. Tumelipata kwa Waarabu, na aliyekaa chuo cha Kurani japo mwaka mmoja atakumbuka kwamba Kiarabu kina h mbili, ingawa ndimi zetu huzitamka moja. Kwa h nyepesi, shabah ni mfanano. Huko ndiko kulikotoka kushabihi, mtoto akamshabihi babake, na huko huko ndiko ilikotoka tashbihi tuliyokaririshwa skuli, ya "mrefu kama mnazi". Kwa h ya kooni, shabah ni umbo unaloliona kwa mbali bila ya kulibaini vizuri, kama mtu anayekuja njiani magharibi imeshaingia. Wataalamu waamue neno letu lilizaliwa na h ipi. Mimi nikilitazama naliona limerithi kotekote: shabaha ni umbo linalowekwa mbele yako lisimame badala ya kitu chenyewe. Ndiyo maana katika mashindano hayo ya mpwa wangu karatasi nyengine hukatwa kwa umbo la kiwiliwili, lina mabega na halina uso. Limeshabihi mtu, basi. Kwa hiyo kusema bunduki fulani haitaki shabaha ni kama kusema ngalawa fulani haitaki pwani. Utakwenda wapi?

Na hilo neno vitendo lisikutishe. Ni lile lile la mtihani wa vitendo, pale mwanafunzi anapoambiwa aweke kalamu chini achanganye dawa mwenyewe. Mpigaji hasimami pahali pamoja. Anapita njia iliyopangwa, anazunguka vizuizi, na njiani kuna karatasi, vyuma vya kuangushwa na visahani vya udongo vya kupasuliwa. Kifaa kinalia pi! na saa inaanza kwenda. Mwisho alama alizopata zinagawanywa kwa sekunde alizotumia. Mwenye mbio bila ya alama hana kitu, na mwenye alama aliyetambaa kama kobe naye hana kitu. Shirikisho lake la kimataifa, IPSC, liliundwa mwaka 1976 Columbia, Missouri, kule Marekani, na lilianza na bastola. Uingereza ilipopiga marufuku bastola mwaka 1997, wengi waliokuwa wakiupenda mchezo huo walihamia kwenye shotigani, na ndio mlango alioingilia mpwa wangu.

Sasa turudi kwenye marisau. Watu wanayafikiria kama kimia: mvuvi anarusha, kimia kinafunguka papo hapo, chochote kilicho chini ni kitoweo. Hasha. Marisau yanatoka mtutuni yameshikana kama fungu la dagaa, na yanatanuka pole pole kadiri yanavyokwenda. Kwa mtutu usiobanwa mdomo, kadirio la wapigaji ni kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja. Hesabu mwenyewe: mita 10, sentimita 25. Hiyo ni sahani ya wali. Na mitutu mingi hubanwa mdomo makusudi ili marisau yachelewe kutawanyika. Ule uliobanwa sana hupimwa kwa yadi 40, na marisau 70 katika kila 100 yanatakiwa yawe bado ndani ya duara la inchi 30. Anayedhani akielekeza bunduki upande wa kunguru basi kunguru ameshakufa, aende akaulize kunguru.

Halafu mashindano yana hila yake. Ubavuni mwa shabaha ya kupigwa huwekwa nyengine isiyopigwa, na ukiigusa unakatwa alama 10. Hapo ule utawanyikaji aliousifu mzee wetu unageuka kuwa adui, kwa sababu sahani yako ya wali imemwagikia mkeka wa jirani. Mpigaji analazimika kulenga pembeni kidogo, au asogee karibu marisau yangali yameshikana, na yote hayo ayaamue huku akikimbia. Kama hiyo si shabaha, nitafutiwe jina lake.

Tena si kila risasi ya shotigani ni ya marisau. Katika mchezo huu zipo za aina tatu: za marisau madogo ya ndege, ambayo ganda moja hubeba zaidi ya 300, za marisau makubwa, ambayo ganda la kawaida la namba 12 mara nyingi huwa na 9 tu, na zile za kipande kimoja kizima cha risasi. Hiki cha tatu kikitoka hakina cha kutawanyika. Kinakwenda kilikoelekezwa.

Nimetaja namba 12, na hapa niruhusiwe kero ndogo ya pembeni. Mtutu wa namba 12 ni mpana kuliko wa namba 20, si kinyume chake. Chukua ratili moja ya risasi, risasi ile ya madini wanayoyeyusha wavuvi wakafanya chubwi za mishipi, uigawe madonge 12 ya duara yaliyo sawa. Donge moja ndilo upana wa mtutu wa namba 12, kama milimita 18 na nusu. Ukiigawa madonge 20, kila donge litakuwa dogo zaidi, karibu milimita 15 na nusu. Bibi zetu waliopimiwa sukari kwa ratili wangelielewa hili bila ya maelezo.

Nilimuuliza mpwa wangu mwenye kuanza anaanzia wapi, nikitaraji habari ya kununua bunduki. Akasema bunduki ndiyo ya mwisho. Unajiunga na klabu kwanza, unafundishwa usalama, unapata kibali, na huko kwao shotigani ambayo bomba lake la kupakilia linabeba zaidi ya risasi mbili inataka kibali kigumu zaidi kuliko ile ya kawaida. Siku zake za mwanzo hakusikia mlio hata mmoja. Alifundishwa kwamba mdomo wa mtutu hauvuki nyuzi 90 kutoka upande wa shabaha, na kidole hakikai kwenye kifyatulio wakati wa kutembea wala wa kupakia. Ukivunja moja katika hayo siku ya shindano unatolewa papo hapo, hata kama hakuna kilicholia.

Kilichobaki, alisema, ni kupakia. Bunduki inaishiwa katikati ya njia, na risasi zimepangwa kiunoni. Mashindano mengi yanapotea hapo. Ili tumwelewe akakata mti wa muhogo vipande vinane vya urefu wa kidole, akachomeka kwenye mkanda wake, akachukua kipande cha paipu ya maji, akakishika chini ya kwapa. Mkono mmoja ukashuka ukarudi na vipande vinne, viwili nyuma ya viwili. Dole gumba likasukuma, viwili vikazama, likasukuma tena, viwili vikazama. Macho yake muda wote yalikuwa yanautazama mti wa mbuni ulio ng'ambo ya njia. Mzee wetu akataka kujaribu. Kipande cha kwanza kikaangukia ndani ya kikombe cha kahawa, cha pili kikabiringika mpaka mtaroni, cha tatu akakisukuma kwa ncha ya nyuma. Safari hii aliyecheka kwa adabu ni baraza zima.

"Na yote haya unafanya huku unatafuta pa kupiga?" akauliza.

"Ndiyo, babu."

Sikutaka kumsahihisha mbele za watu, ameshaniona nikizaliwa. Tulipokuwa tunatoka kwenda kusali nilimwambia taratibu kwamba hakukosea kitu kizima. Marisau yanasamehe. Yanasamehe upana wa sahani, na kwa mita 10 tu. Basi badala ya kusema hayataki shabaha, aseme shabaha yake ni pana kidogo. Akalionja lile neno mdomoni, "pana kidogo", akasema hilo anaweza kulisema.