Maana ya nyaraka zilizohamishwa

Hili ni jina la majalada ya serikali za kikoloni ambayo Waingereza waliyaondoa katika makoloni kabla ya kushusha bendera, wakayapeleka kwao badala ya kuziachia serikali mpya. Jina lenyewe ni la upole mno. Mtu huhamisha kilicho chake; karatasi za Kenya ziliandikwa hapa, kuhusu watu wa hapa, na kazi hiyo ililipiwa na kodi ya hapa.

Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba nchi zinazokaribia uhuru zisikabidhiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza. Maofisini Nairobi uchambuzi ukaanza. Majalada ya kawaida yalibaki. Ya siri yalitiwa alama ya herufi W, na ni afisa mwenye asili ya Ulaya tu aliyeruhusiwa kuyashika. Karani Mwafrika, hata awe mwaminifu vipi, hakuyagusa. Mengine yalichomwa, na agizo likataka hata majivu yapondwe. Yaliyosalia yakasafirishwa Uingereza.

Kuchoma na kuhamisha si kitu kimoja. Kilichochomwa kimekwisha. Kilichohamishwa kipo, ila aliyekificha amenyamaza, na kimya hicho kinaweza kuvunjwa.

Kilivunjwa na wazee. Kenya ilikuwa imedai majalada yake tangu miaka ya 1960 bila kupewa. Mwaka 2009 Wakenya walioteswa kambini wakati wa vita vya Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza huko London, na kesi ikiendelea, mwaka 2011, Uingereza ikakiri kwamba ilikuwa na majalada ya makoloni 37 katika kituo chake cha Hanslope Park. Ya Kenya yalikaribia 1,500. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa fidia waathiriwa zaidi ya 5,000. Wazee hao walikuwa wamesimulia mateso yao kwa nusu karne, na inauma kwamba neno lao lilihitaji karatasi ya mtesaji ili lipate uzito.

Leo majalada hayo yako wazi kwa wasomaji katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Uingereza, huko Kew, London. Mwanafunzi wa historia akishuka matatu katikati ya Nairobi hufika Makavazi ya Taifa, hifadhi ya nyaraka za Kenya, Moi Avenue, kwa miguu. Akitaka kushika majalada yale yenyewe, aanze kwa kuomba viza.