Karavani ya Mtumba kwa Gari Dogo: Nitumie Kwanza Picha ya Kibati

Majira ya joto yakikaribia, Waswahili wenzangu hapa Uingereza hunitumia picha za karavani za mtumba, yaani vile vijumba vya magurudumu vinavyovutwa na gari: "Fundi, hii itanifaa?" Mimi huomba picha nyingine kabisa, ya kibati cha gari lao, kile kilicho kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti.

Kibati hicho kina namba za uzito. Ya kwanza ni uzito wa juu wa gari likishapakiwa, ya pili ni wa gari na tela pamoja. Toa ya kwanza kwenye ya pili, utapata kiasi ambacho gari linaruhusiwa kuvuta. Ikiwa ni 1,600 na 2,500, una kilo 900. Namba ya pili isipokuwepo, gari hilo halivuti kitu, na baadhi ya magari madogo ya hibridi, ya petroli na umeme, yako hivyo. Wengi walifurahi Desemba 2021 leseni ya kawaida iliporuhusiwa kuvuta tela ya hadi kilo 3,500. Sawa, lakini kilicholegezwa ni leseni. Gari ni lilelile.

Muuzaji atakutajia uzito wa karavani ikiwa tupu. Wewe uliza uzito wa juu unaoruhusiwa, maana utapakia mtungi wa gesi, betri, vyombo na hema la mbele. Hapa wanashauri huo usizidi asilimia 85 ya uzito wa gari lenyewe likiwa tupu. Si sheria, ila kwa dereva mgeni wa tela, mimi siulegezi ushauri huo hata kidogo.

Kwa magari madogo mimi hupenda karavani za Freedom, zilizotoka Niewiadów, Poland, kiwanda kilichotengeneza karavani ya N126 ili ivutwe na kigari kama Fiat 126. Bodi yake ni ya faiba, haina viungo vingi vya kuvujisha maji. Eriba Puck nayo ni nzuri, paa lake huinuka ukishaegesha, ila bei yake haishuki hata ikizeeka.

Karavani nyingine nyingi za zamani zina fremu ya mbao ndani ya kuta, na hapo ndipo pesa za watu huzama. Maji hupenya kwenye kiungo cha kona, mbao zinaoza taratibu, nje bado kunang'aa. Fungua kisanduku cha chini ya kitanda cha mbele, ingiza mkono hadi kwenye kona, bonyeza kwa kidole gumba. Ukuta ukibonyea, ondoka. Kipimo cha unyevu kikisoma chini ya asilimia 15, hakuna neno. Kikipita 20, kuna kazi, na kazi hiyo mara nyingi inazidi bei ya karavani. Harufu ya manukato makali ndani hunitia shaka kuliko harufu ya ukungu.

Tairi usiangalie kashata zake, angalia tarehe: tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka. 1417 ni wiki ya 14 ya 2017, hiyo ni ya kutupa kwa uzee.

Mwisho, karavani nyingi za Uingereza tangu 1992 zina namba ya tarakimu na herufi 17 kwenye chesisi, na hiyohiyo imechorwa kwenye vioo. Linganisha zote kabla hujatoa hata arubuni. Zikitofautiana, muuzaji akueleze kwa karatasi, si kwa mdomo.