Serifu kwenye kibao cha mbao: ni nini, na huchongwaje?

Serifu ni vile vikia vidogo vinavyotokeza kwenye ncha za herufi. Tazama miguu ya I au mikono ya E katika gazeti lolote. Herufi nyingi za vibao vya barabarani hazina.

Milango ya Mji wa Kale, Mombasa, imewazoesha wengi nakshi ya kuinuka: fundi hutoa mbao ya kando, ua likabaki juu. Herufi za serifu kwa kawaida huchongwa kinyume chake. Herufi yenyewe ndiyo inayochimbwa, kwa mfereji wa umbo la V.

Siri ya V ni kwamba kina hufuata upana. Mwinamo wa kuta haubadiliki, aghalabu digrii 60 hivi baina yake, kwa hiyo panapopana ndipo penye kina. Kwa vipimo vya Kirumi, herufi yenye kimo cha sentimita 10 huwa na shina, yaani mstari mnene wa wima, la upana wa karibu sentimita 1, na kina chake hufika kama milimita 9. Likifika mguuni, mstari wa chini ya mfereji hugawanyika matawi mawili. Kila tawi hupanda kuelekea ncha yake ya serifu hadi likutane na uso wa ubao. Kati ya matawi hubaki kijiuso cha pembetatu, na hapo ndipo mkono wa fundi hujulikana.

Anza kwa penseli. Simamisha patasi katikati ya shina, gonga, kisha ilaze na kukata kutoka kila upande. Usifike mwisho, mguu uache. Baadaye, kwa patasi nyembamba, gonga kidogo kutoka mwisho wa mstari wa kati hadi kila ncha, halafu paa ile pembetatu kwa mkono bila nyundo. Serifu yenye kona za mviringo itataka bobari, patasi yenye makali yaliyopinda.

Tatizo kubwa ni nyuzi za mbao. Kwenye ubao uliolazwa, nyuzi zikienda kushoto kulia, shina hukata nyuzi lakini serifu hukimbia nazo, na kimbao chembamba kati ya serifu za herufi mbili zilizobanana hung'oka upesi. Ndiyo maana mashina hutangulia. Mvule, kwa jinsi nyuzi zake zinavyopishana, humtesa anayejifunza, afadhali jakaranda.

Mfano unaoigwa zaidi uko kwenye jiwe: maandishi ya Nguzo ya Trajan huko Roma, ya mwaka 113. Mwaka 1968 padri Mmarekani, Edward Catich, alitetea hoja kwamba herufi hizo zilipakwa kwanza kwa brashi bapa, na serifu zikatokana na mkono kuigeuza brashi. Mimi naiamini, maana hata kwenye mbao, herufi iliyochorwa kwa brashi kwanza hutoka hai kuliko iliyopimwa kwa rula.

Rangi tia kabla ya kupiga msasa wa mwisho. Iliyomwagikia nje ya mfereji itaondoka na vumbi.