Kayaki pana ndiyo salama? Dhana potofu za wanaochagua chombo cha kupigia kafi Lamu

Dhana: Kayaki ikiwa pana, haipinduki.
Upana unasaidia maji yakiwa shwari. Ukipanda, chombo hakiyumbi, nawe unatulia. Lakini chombo chenye tumbo bapa hulala jinsi maji yalivyolala. Wimbi likikijia ubavuni kinainama nalo, na kikipita kiasi kinapinduka ghafla. Kayaki nyembamba, ya sentimita 55 hadi 60, hukutia wasiwasi mwanzoni kwa kuyumbayumba, ila ikiinama hukaza na kukupa nafasi ya kujirudisha. Kwa hiyo tazama maji kwanza. Kwenye mikoko ya Manda, chombo cha mita 3 chenye upana wa sentimita 75 kinatosha na kinageuka upesi. Kwenye mlango wa bahari mbele ya Shela, kusi ikivuma dhidi ya maji yanayotoka, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Hapo panataka kayaki ndefu na mkono uliozoea. Mgeni wa kafi asipite.

Dhana: Ya kuketi ndani ni salama kuliko ya kuketi juu.
Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana watu huilipia kwa kuamini wamejikinga. Kayaki nyingi za burudani zenye tundu kubwa la kuketi hazina kuta za ndani za kuzuia maji. Ikipinduka hubeba mamia ya lita, na kuikomba ukiwa baharini ni kazi ya kukuvunja moyo. Ya kuketi juu ina matundu yanayotoa maji yenyewe. Unaigeuza, unajivuta juu, unaendelea. Kule kwenye maji baridi, kuketi ndani kunakinga mwili na baridi. Bahari yetu ni ya vuguvugu. Adui wetu ni jua, basi funika mapaja kwa leso.

Dhana: Usukani ni wa kugeuzia.
Kazi yake kubwa ni kukuweka kwenye mstari upepo unapokusukuma ubavuni. Kugeuka ni kwa kafi na kiuno.

Dhana: Mtumbwi wa wazi umepitwa na wakati.
Hapana. Kwa familia inayokwenda magofu ya Takwa na mkeka, maji ya kunywa na watoto, sioni cha kuushinda: unabeba mengi, na kafi lake la bapa moja hupita vizuri penye matawi. Udhaifu wake ni mbavu ndefu zinazoshika upepo. Tena mkono wa bahari uendao Takwa hupitika maji yakijaa tu. Ukichelewa kurudi utakwama matopeni, uwe na chombo gani.

Kayaki za kujaza upepo ni nyepesi kubeba, ila chaza walioshika mizizi ya mikoko hukata kama wembe.

Kabla ya kulipa, vaa jaketi la kuokolea, ipeleke kayaki kwenye maji ya kifuani, ipindue, kisha jaribu kuipanda tena peke yako. Ukishindwa mara tatu, omba nyingine.